Karatasi ya Mama

Tarehe 4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ukiacha mgongo unaonilalamikia kila nikiinuka kitini, na mtu anayekaa kitini saa kumi na mbili kwa siku hana wa kumlaumu. Natumaini hujambo na vumbi la plasta ya meno ya bandia halijakumaliza kifua. Mama je? Miguu bado inavimba? Mwambie azivae zile soksi za kubana, asizifiche chini ya godoro kama mara ile.

Karatasi ni mbili kama kawaida. Yenye mistari ni ya mama. Msomee polepole, sikio la kulia. Hii isiyo na mistari ni yako, ukimaliza ichane.

Kwa mama nimesema mitihani ya majaribio imeanza, na kwamba yule mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma, mwenye kigugumizi, ameniuliza swali la maana mpaka darasa zima likanyamaza. Wewe nakuambia yaliyotokea. Jumamosi nilitolewa kwenye mashindano ya karata, wa arobaini na moja. Zawadi zinaanzia kwa mtu wa arobaini.

Tulianza watu mia tatu na sitini katika ukumbi usio na dirisha wala saa ya ukutani. Siku mbili nzima nimewaona watu wakiinuka mmoja mmoja, wanachukua koti, wanatoka bila kuaga. Mia tatu na kumi na tisa wamenitangulia mlangoni. Nilikuwa na malkia wawili mkononi. Jamaa mmoja muuza magari akasukuma chipu zake zote za dau katikati ya meza. Nikamtazama shingo, mshipa unaruka. Nikajua huyu anazuga. Na kweli alikuwa anazuga, dada! Alikuwa na saba na mbili, takataka tupu. Nikaweka zangu zote. Karata mbili za mwisho zikashuka mezani, na zote zikawa saba; saba tatu zinawapiga malkia wawili. Nilimsoma sawasawa, na aliyechukua koti ni mimi.

Miaka tisa sasa tangu nishinde yale mashindano makubwa na kuitupa chaki. Kila Januari nasema huu ndio mwaka. Usinicheke.

Mdogo wako


Tarehe 25 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunazisukuma siku. Kifua changu kizima, mikono ndiyo imeanza kukauka kama kalibu ninazozimimina. Wiki hii nimepata mteja, bibi mmoja wa miaka sabini, anataka meno ya bandia yenye mwanya. Nikamwambia, bibi, watu hulipa ili tuuzibe. Akasema mumewe alimpendea mwanya, na hataki akifika huko mbele amkute mtu mgeni. Nimemwekea mwanya wake, ameondoka anacheka peke yake njiani.

Mama hajambo kidogo. Soksi anazivaa nikiwa nyumbani, nikitoka anazivua. Anakula nusu sahani.

Sasa tuongee, maana nimechoka. Nilimsomea karatasi yako. Nilipofika kwa mwenye kigugumizi, mama akaniinulia kidole. "Huyu si tuliambiwa alihama mwaka juzi, baba yake akapata kazi kwingine?" Nikasema amerudi. Akasema, "Na kigugumizi amerudi nacho?" Ndugu yangu, ukitaka kudanganya uwe na daftari! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, wewe yako umeirefusha kwa kuikanyaga juu ya mgongo wangu.

Unajua mama alifagia madarasa miaka ishirini na sita. Anajua harufu ya chaki kuliko mkurugenzi yeyote wa elimu. Siku ulipopata ile shahada alikwenda shuleni na viatu vya kanisani, akasimama mlangoni pa chumba cha walimu, akawaambia: na mimi wangu atakaa humu. Kila kliniki tukienda, kabla daktari hajamuuliza anaumwa wapi, yeye ameshamwambia mwanawe anafundisha hesabu sekondari. Mimi nakaa pale kwenye benchi, natazama sakafu.

Ulifundisha mwaka mmoja na nusu. Yaliyobaki yote nimekufundishia mimi. Sijui nichane nini, karatasi yako au wewe mwenyewe.

Mwandikie ukweli. Au njoo umwambie. Mimi kazi yangu ni meno ya bandia, mtoto wa bandia sikusomea.

Dada yako


Tarehe 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu ndiyo imeniuma. Kigugumizi nitamwondoa, nimepata daftari kweli, nimeandika majina yote ya darasa langu la hewani. Salamu kwa bibi mwenye mwanya.

Huko nyuma umeniuliza mara mbili ninalala wapi. Nalala mahali pazuri. Tuliache hilo.

Kazi inakwenda. Mwezi uliopita nilimaliza wa kumi na nane kwenye mji mmoja, nikapata zawadi ya kutosha kuingia kwenye mashindano ya mji wa pili, na huko nikatoka saa ya kwanza. Ndiyo maisha yenyewe: unashinda haki ya kwenda kushindwa mbele zaidi. Wenzangu wananiita Bubu kwa sababu sisemi kitu mezani. Hawajui kwamba nikifungua mdomo naogopa nitalia. Natania, dada. Nusu natania.

Ila nisikilize. Oktoba kuna yale mashindano makubwa, yale yale niliyoshinda zamani. Nikifika meza ya mwisho, watu tisa tu waliobaki, narudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nitamwambia mama mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba niliiacha chaki lakini nimekuwa mtu. Siwezi kumwendea sasa nikamwambia niliiacha chaki na sijawa kitu. Huoni tofauti? Mimi naiona kila nikijitazama kwenye kioo cha bafu la watu.

Mpaka Oktoba tu. Nishikie hapo.

Mdogo wako


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina mzaha.

Mama alilazwa siku nne. Alidondoka jikoni akiwa na sufuria mkononi, mimi niko kazini, jirani yetu muuguzi ndiye aliyesikia kishindo. Sasa amerudi nyumbani. Nimelihamishia godoro lake sebuleni karibu na dirisha, maana ngazi tatu za chumbani kwake zimemshinda. Usiku nalala sakafuni pembeni yake na kumsikiliza akivuta pumzi.

Daktari alinitoa nje ya wodi. Akasema moyo umechoka, dawa zinausukuma tu. Nikamuuliza tuhesabu nini, miaka? Akasema tuhesabu miezi, na tusiihesabu mbali.

Mama mwenyewe anasema nisikwambie, usije ukaacha wanafunzi katikati ya mitihani. Unaona jinsi uongo wako unavyokufungia mlango? Mgonjwa anamwonea huruma mwalimu asiyekuwepo.

Njoo mwezi huu. Njoo mikono mitupu, njoo na kandambili, njoo hata ukiwa na ndevu za mwaka mzima. Sikuombi uje kama mshindi. Simu nimekupigia, inaita tu. Mama simu haimsaidii, hasikii kitu humo, lakini mimi nasikia. Pokea.

Dada yako


Tarehe 28 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako ya Mei nimeipata juzi. Nilikuwa nazunguka na mashindano miji mitatu, na mwenye nyumba wangu huziweka barua kwenye droo ya vijiko mpaka akumbuke. Simu niliona ikiita. Sikupokea kwa sababu ungeisikia sauti yangu ukajua, na mimi ningeisikia yako nikajua. Nimesema ukweli huo, usinipige.

Anapumuaje sasa? Anakula? Muulize daktari kama anaweza kutembea kidogo asubuhi, wanasema inasaidia.

Nimekwenda kituo cha mabasi mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka dirisha la tiketi. Yule dada wa tiketi akaniuliza unakwenda wapi, nikamwambia nilitaka kujua saa.

Kuja ni jambo dogo, dada. Kutazamwa ndiko siwezi. Mimi naishi kwa kusoma nyuso za watu, na kipaji hiki sikukiokota barabarani, nimekirithi kwake. Wewe unakumbuka, tukivunja kitu alikuwa haulizi nani, anatutazama tu mmoja mmoja. Nikiingia pale sebuleni atanitazama mara moja, na ataona miaka tisa yote. Ataona vyumba, ataona makoti ya watu, ataona kwamba wiki iliyopita nimetolewa wa kumi na tisa kati ya watu mia mbili na kumi nikajiona nimefanya vizuri. Moyo wenyewe ndio huo unaosukumwa na dawa. Sitaki niwe mimi niliyeuzima.

Mpaka Oktoba. Mwambie mwalimu anasahihisha mitihani.

Karatasi za mistari zimeniishia. Zote mbili nimeziandika kwenye karatasi za ukumbini, zinafanana, ila wewe utazijua.

Mdogo wako


Tarehe 20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumepata barua. Mama anakula uji, vijiko sita au saba. Anasema anakusalimu.

Nina neno moja, na usiniulize limetoka wapi kwa sababu nimeapishwa. Kuanzia sasa andika karatasi moja. Mama anasema uandike kama unavyoniandikia mimi.

Mwambie ukweli. Mstari mmoja unatosha, nitausoma. Tena usingoje Oktoba. Kama nimewahi kukufanyia jema lolote duniani, kama niliwahi kukubeba mgongoni, nifanyie hili.

Ninaandika upesi kwa sababu yuko macho na ananitazama.

Dada yako


Tarehe 30 Agosti

Dada,

Shikamoo, na habari za siku nyingi. Nilikuwa mashindanoni tena, na safari hii nina la kusema: nimepata nafasi ya Oktoba! Nimeishinda kwenye mashindano madogo ya kuchuja watu, sikuilipia hata senti. Nilikaa saa kumi na nne sikuinuka hata kwenda msalani. Bubu yumo, dada. Simu nimeiuza, usiulize, chumba nacho kinataka chake.

Barua yako ya Julai nimeielewa. Umechoka kusoma karatasi mbili, na mama anaona wivu kwamba yako ni ndefu kuliko yake. Haki yake. Basi safari hii yake ndiyo ndefu na yako fupi.

Kuhusu mstari mmoja, hapana. Unaniomba nimpige mgonjwa kwa mkono wako. Ukiwa unamsomea utamwona uso, halafu utaishi nao.

Badala yake nimempa zawadi. Nimemwandikia kwamba nimepandishwa cheo, mkuu wa idara ya hesabu, nina ofisi yenye jina langu mlangoni na mfagizi anayekuja asubuhi, na kwamba kila asubuhi nasimama kumwamkia mfagizi huyo kabla ya mtu yeyote. Nimeandika mpaka nikajionea wivu. Msomee polepole. Ukifika penye mfagizi, pumzika kidogo, mwache asikie.

Oktoba hiyo, dada. Imefika.

Mdogo wako


Tarehe 2 Oktoba

Mdogo wangu,

Mama amefariki. Ilikuwa tarehe 27 Septemba, asubuhi, kabla sijamaliza kumchemshia maji. Tumemzika jana, tarehe mosi, tumekungoja siku nne. Simu yako anaijibu mwanamke wa mashine anasema namba haipo. Nilituma mtu wa kampuni ya mabasi aulize kwenye nyumba yako, mwenye nyumba akasema umesafiri, hajui wapi, barua ataweka droo. Kwa hiyo najua hata hii inakwenda kukaa na vijiko.

Sasa kiapo kimekwisha, nitasema.

Ile barua yako ya Juni, karatasi mbili zilizofanana. Nilirudi kazini jioni, plasta mpaka kwenye kope, mama ananingojea na barua mapajani. Nikachukua ya juu, nikainamia sikio lake, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilikuwa nimechoka hata sisikii ninachosoma. Nilishtukia nimeshafika kituo cha mabasi, kwenye dirisha la tiketi. Nikanyamaza.

Mama akasema, "Endelea. Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia hii si yako. Akasema, "Inanihusu. Endelea."

Nikaisoma yote, mdogo wangu, ningefanya nini. Nilipofika kwa wale watu mia mbili na kumi akanikatiza. "Wa kumi na tisa kati ya wangapi?" Nikarudia. Akafikiri, akasema, "Si vibaya." Akacheka kidogo. Kisha akageukia ukutani na mabega yakatikisika muda mrefu, sikuweza kumgusa.

Kesho yake nikamwambia nitakuandikia kwamba anajua. Akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi, akaniapisha. Akasema, "Mwizi akikamatwa lazima akiri. Mimi nataka mwanangu akiri bila kukamatwa. Mwache aseme mwenyewe." Nikamwambia mama, huenda akachelewa. Akasema, "Nitamngoja."

Akangoja kweli. Posta ikipita anaomba nimkalishe. Alikuwa ameshapanga atakalokujibu, alilirudia kwangu mara nyingi mpaka nikalijua: "Mwambie aje tu, na asinunue shati jipya."

Ikaja ile ya Agosti. Karatasi nne zilikuwa zake. Nilizisoma zote. Penye mfagizi nilipumzika kama ulivyoniagiza. Akaniuliza imekwisha? Nikasema imekwisha. Akasema, "Anadanganya vizuri, masikini." Hakuomba tena nimkalishe. Hiyo ilikuwa tarehe 19 Septemba. Zile siku nane za mwisho alikuwa anakunywa maji tu.

Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Nakulaumu. Na mimi najilaumu, nilishika kiapo cha mgonjwa nikamwacha mzima apotee. Ningekuandikia tu Julai kwamba anajua, ungekuja, au usingekuja, sijui. Wewe unayesoma mishipa ya shingo za watu, barua yangu ile ya Julai uliisomaje?

Chumba chake nimekifunga. Rudi au usirudi, amua mwenyewe. Mimi Jumatatu narudi kazini.

Dada yako


Tarehe 5 Oktoba

Dada yangu!

Shikamoo, shikamoo tena! Nakuandikia nikiwa bado ukumbini, karatasi ni zao. Sijarudi chumbani tangu tarehe ishirini Septemba, niliondoka mapema nije nipate mazoezi. Watu mia tisa, dada. Nimekaa meza ya mwisho! Nimemaliza wa tatu. Wa tatu!

Na sikiliza ajabu. Niliyemngoja afike hajafika. Nilidhani nikikaa meza ile nitakuwa mtu mwingine. Nimeinuka, nimechukua koti, nimekuwa yule yule. Nikacheka peke yangu ngazini. Miaka tisa nilikuwa nangoja ruhusa ambayo hakuna mtu aliyeninyima.

Kwa hiyo karatasi ni moja, kama ulivyotaka. Huko chini ni ya mama. Soma kwa sauti, usiruke neno, usinipambie.

Mama, shikamoo. Ni mimi. Mimi si mwalimu. Nilikuwa, mwaka mmoja na nusu, nikaacha, nikaogopa kukuambia. Sina ofisi wala jina mlangoni, na yule mwenye kigugumizi hakuwahi kuzaliwa. Ninacheza karata, mama, hiyo ndiyo kazi yangu, na miaka mingi nimeshindwa. Dada hana kosa, nilimlazimisha. Yote niliyokuandikia nilitunga mimi nikiwa kwenye vyumba ambavyo ungevifagia mara mbili kabla ya kuingia. La mfagizi pekee lina ukweli: kila ukumbi ninaoingia kuna mama anayefagia, na mimi humwamkia, kwa sababu yako.

Nimekosa. Sitafuti sababu.

Tiketi nimeshakata, na tarehe kumi na moja asubuhi nitakuwa hapo. Najua utakasirika. Ukiwa na hasira usinifungulie mlango, mama, utakuwa na haki. Nitakaa pale nje kwenye ngazi mpaka utakapokuwa tayari kunitazama. Usiharakishe kwa ajili yangu. Nitakungoja.

Mwanao